Asiye na cha Kuacha

Jumapili ile, ya kwanza tangu Vaimoana arudi kisiwani Eua moja kwa moja, mzee wa kanisa alisimama kutoa matangazo akayasahau yote. Hakutaja mkutano wa wasukaji, hakutaja paa la jiko la kanisa lililokuwa likivuja, hata maombi ya mvua aliyaruka. Alishika meza kwa mikono miwili, akamtazama mwanamke aliyekaa benchi la mbele, machozi yakamlengalenga.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu mtoto wetu alikuwa mtu mkubwa Auckland. Watu mia mbili walikuwa chini yake. Ofisi yake ilikuwa juu huko, ukichungulia dirishani unaona meli kama vikombe. Ameacha yote! Amerudi kuwaosha wazee wetu."

Wanawake wakaangua kilio. Wanaume wakaitikia kwa sauti nzito. Vaimoana akainamisha kichwa, na kuinamisha kwenyewe kukawaliza zaidi.

Benchi la nne, karibu na mlango, alikaa dada yake mkubwa, Lesieli, amemwegemeza mama yao begani ili asidondoke kwa usingizi. Asubuhi hiyo, kabla ngoma ya kuitia watu kanisani haijalia, Lesieli alikuwa ameshamwosha mama, amembadilisha Mzee Sioeli bandeji ya kidonda, amempelekea uji Bibi Toakase aliyepooza upande, na amefukia chakula cha mchana kwenye tanuri la ardhini. Hakulia. Kitu kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akameza mate, kisiteremke.

"Wanalilia nini?" mama akauliza, maana masikio yake yalikuwa mazito.

"Vai amerudi."

"Kwani alikuwa amekufa?"

Siku nyingine Lesieli angecheka hadi mbavu zimuume. Siku ile hakucheka.

Watoto wa nyumba ile walikuwa wawili tu, na wote wanawake. Walipokuwa wasichana, mjomba wao alikuja kutoka Auckland akasema anaweza kumchukua mmoja, akasome na kufanya kazi. Lesieli ndiye mkubwa, na kwa desturi mkubwa huanza. Lakini saa hiyo yeye alikuwa jikoni akikuna nazi ya chakula cha huyo huyo mjomba. Hakuna aliyemwita, hata baba yao, aliyekuwa bado hai. Alipotoka na sinia, shauri lilikuwa limekwisha: Vaimoana anakimudu Kiingereza, Vaimoana ataondoka. Lesieli akaweka sinia chini, akawafukuzia wageni nzi walipokuwa wakila.

Vaimoana akaingia kampuni ya bima kama mpokea simu, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, karibu miaka thelathini, hadi akawa wa kufunguliwa mlango. Hakuwasahau kwao. Tangi la maji lilikuwa lake, mabati yalikuwa yake, kitanda cha mama kilikuwa chake. Krismasi alikuja na masanduku. Na Lesieli naye alipata mchumba wakati mmoja. Mchumba akaambiwa angoje mama apate nafuu, akangoja, akachoka. Kutoka kumwuguza mama akajikuta anamwuguza na jirani, kisha jirani wa jirani, hadi kijiji kizima kikazoea kwamba mtu akishindwa kuinuka, huitwa Lesieli. Ilikuwa kama mvua. Nani huishukuru mvua?

Jioni ya Jumapili ile, walipokuwa wakila majani ya magimbi yaliyoiva kwenye tui, Vaimoana alimweleza dada yake kilichomrudisha.

"Dada, mimi nilikuwa najua bei ya kila maradhi. Nioneshe mguu uliokatwa, nitakwambia kampuni italipa kiasi gani. Lakini sikuwahi kumshika mgonjwa mkono. Siku moja nikaona nitakufa hivyo."

"Basi umefika penyewe," Lesieli akamjibu. "Huku mikono ya kushika ipo, mpaka ikuchoshe."

"Nifundishe tu. Mimi ni mwanafunzi wako."

Alilisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililoudhi. Kama angekuja na majivuno, Lesieli angejua la kumfanya.

Kesho yake wakatoka pamoja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Sioeli, mpasua mbao wa zamani, mtu wa pande la mwili, aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, na ulimi wake hakuna daktari aliyewahi kuupunguza.

"Oh, Sajini leo kaja na askari mpya!" akapiga kelele walipoingia. Sajini ndilo jina alilompa Lesieli.

"Geuka," Lesieli akasema.

"Umesikia, mgeni? Hata habari za asubuhi hapewi mtu. Geuka, inua, kaa. Hata nguruwe husemeshwa."

Lesieli alikuwa na njia yake: maji, sabuni, bandeji, kwaheri, kwa sababu nyumba ya pili walikuwa wanangoja na ya tatu pia. Vaimoana akavuta kigoda akaketi. Akamwuliza mzee ile picha ya ukutani ni ya nani. Mzee akaanza kusimulia: ni yeye, kijana, siku aliyoongoza ngoma ya wanaume kwenye harusi kubwa mjini Nuku'alofa, watu wakampaka mafuta mabegani na kumbandika noti. Alisimulia mikono yake ikicheza hewani, juu ya kigutu cha mguu uliokatwa, na Vaimoana akapiga makofi akamfuatisha wimbo. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Lesieli alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Picha ile alikuwa ameipangusa vumbi miaka yote.

"Hilo mbona hukuwahi kuniambia?" akauliza.

"Hukuwahi kuniuliza," Mzee Sioeli akajibu. Kisha akamgeukia Vaimoana. "Kesho uje wewe. Huyu mpumzishe, anatisha."

Ulikuwa utani tu, lakini Lesieli alitembea nao mpaka nyumbani, na usiku akalala nao.

Tangu hapo wivu ukamwingia kama unyevu unavyoingia kwenye mkeka: huuoni, ila ukikaa unaushika. Walipokaribia nyumba ya mtu, watu walitoka wakisema, "Vaimoana amekuja!" Mtu akivua samaki wazuri aliuleta mtungo wao mlangoni akasema, "Huu wa Vaimoana, kwa kazi yake." Na nani aliwaparua magamba? Lesieli. Mchungaji alimtaja katika mahubiri mara mbili, mara ya pili akimlinganisha na mtu aliyeuza vyote akanunua lulu. Lesieli akatazama kucha zake. Hata yeye akiiona lulu, angeinunua kwa kitu gani?

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Vaimoana aliiweza kazi. Hakutapika, hakuziba pua. Alikuwa mpole bila kujilazimisha, maana hakuwa amechoka. Lesieli alimvizia akosee, kama paka anavyovizia dagaa, na kila jioni alirudi na njaa yake.

Mpaka siku ya kichwa cha mama. Ilikuwa alasiri, barazani. Lesieli amepasha maji, ameshika sabuni na kitana. Mama akausukuma mkono wake.

"Mwache Vai anioshe. Wewe unanikwangua kama gimbi."

"Mama, nakuosha hivi hivi siku zote."

"Ndiyo, na siku zote naumia."

Vaimoana akasita. "Dada, mimi sina..."

"Chukua," Lesieli akamtilia kitana mkononi. "Unangoja nini? Mteja amekuchagua."

Akaenda nyuma ya nyumba kwenye zizi la nguruwe. Kutoka huko alimsikia mama akicheka. Kicheko chembamba, cha kitoto, ambacho yeye alidhani kilishakufa. Alikata maganda ya muhogo vipande vidogo vidogo sana, kuliko nguruwe yeyote anavyohitaji, mpaka kicheko kilipokoma.

Wiki chache baadaye mke wa mchungaji alikuja na tabasamu pana na mwavuli. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekata shauri kumfanyia Vaimoana karamu na kumpa mkeka mzuri wa mkadi, ule mwembamba ambao hushinda msimu mzima wakiusuka.

"Na wewe dada mkubwa utasema maneno mawili," akasema. "Halafu, mpenzi wangu, kama haikupi taabu, utuletee nguruwe."

"Nguruwe mmoja au wawili?"

"Ukiweza wawili, Mungu akubariki."

Lesieli akaleta wawili. Aliwachoma mwenyewe tangu alfajiri, akaoga, akajifunga kiunoni mkeka wake wa heshima, uliochakaa pembeni, akaketi alipoelekezwa. Mkeka mpya ulikunjuliwa mbele za watu, ukatiririka kama maji, wanawake wakapiga vigelegele. Vaimoana alilia kwa kweli. Ndipo mke wa mchungaji akamwashiria.

Lesieli akasimama. Alikuwa amejiandalia maneno ya kawaida, ya heshima. Akafumbua kinywa, yakatoka mengine.

"Mdogo wangu ameacha kazi yake, nanyi mmemlilia, mmempa mkeka. Ni jambo zuri. Limenivutia hata mimi nikalitamani. Nimejitafuta nina nini cha kuacha. Ofisi sina. Mshahara sina. Nimepata kitu kimoja tu, kazi hii hii ya kuosha watu. Basi naiacha. Feri ikija, napanda."

Mwanamke mmoja akacheka akidhani ni mzaha, kisha akajiziba mdomo.

"Lesieli," mke wa mchungaji akanong'ona, "wazee watakuwa na nani?"

"Si mmepata mtu? Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Haya, kinyemi ni chenu na kidonda ni chenu. Nguruwe wameiva, kuleni wakiwa moto."

Akatoka. Vaimoana akamkimbilia hadi njiani, mkeka mpya bado umemning'inia mkononi.

"Dada, unaniaibisha mbele za watu!"

"Nakuaibisha? Nimekuachia uwanja wote. Cheza."

"Na mama?"

"Kwani mama si amekuchagua?"

Na kweli feri ilipokuja Lesieli alipanda na kikapu kimoja, bahari ikamtapisha njia nzima, na kati ya kutapika na kutapika alijisikia mwepesi kama aliyevuliwa mzigo wa kuni.

Nuku'alofa alifikia kwa binamu yake, Kaloni, mwanamke mnene mwenye meza ya vikapu na mapepeo katika soko kuu.

"Umefukuzwa au umetoroka?" Kaloni akamuuliza.

"Nimestaafu."

"Na zawadi ya kustaafu iko wapi?"

"Hii hapa," Lesieli akasema, akauonesha mgongo wake unaouma, wakacheka wote wawili.

Siku za kwanza alilala kama mfu. Aliamka jua limepanda, akanywa chai ikiwa bado moto, jambo ambalo hakukumbuka lini alilifanya mara ya mwisho. Kisha akaanza kusuka vikapu pale mezani, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Wageni walisimama kutazama, wakanunua. Alijifunza kuwapigia domo wateja. Alimtania muuza matikiti wa meza ya pili, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye meno ya dhahabu, naye akamtania. Hakuna aliyemwita Sajini.

Lakini wivu haukubaki Eua. Kila feri ilipotia nanga, Lesieli alijipeleka gatini kama mtu anayepunga hewa, akamkamata abiria wa kijijini kwao.

"Huko hawajambo?"

"Hawajambo kabisa! Vaimoana anawaangalia wote. Yule mwanamke ni malaika."

Alirudi mezani akaharibu kikapu kizima. Alikuwa ameomba habari ya nyumba inayowaka moto, akaletewa ya malaika. Lakini abiria wa baadaye, mke wa mzee wa kanisa mwenyewe, akamnong'oneza habari nyingine: Vaimoana amekonda. Vaimoana alimfokea Mzee Sioeli hadi majirani wakatoka nje. Vaimoana hatabasamu tena kanisani, na alipoomba wanawake wa kumsaidia, walijitokeza wawili, mmoja akiwa na simu ya kupigia picha.

Furaha ilimpanda Lesieli mpaka masikioni. Alinunua aiskrimu. Aliila yote akiwa amesimama, na ilipokwisha alijikuta anamfikiria Bibi Toakase, ambaye asipogeuzwa ubavu mchana hutoka vidonda, na asingemlalamikia mtu yeyote kwa sababu ulimi wake ulipooza. Hata hivyo hakupanda feri.

Aliyepanda ni Vaimoana. Alitokea sokoni asubuhi, nywele zimefungwa ovyo, gauni lina doa la dawa. Akasimama mbele ya meza.

"Umekuja kununua?" Lesieli akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye msuko.

"Nimekuja kukuona."

"Kuona ni bure. Mama yuko na nani?"

"Nimemwachia mke wa mchungaji. Kakubali siku moja, na amenuna."

"Mama ananiulizia?"

Vaimoana alisita. "Aliuliza kama wewe ndiye uliyeondoka na mwavuli wake."

Kaloni aliangua kicheko, akakumbuka adabu, akajifanya ana kazi upande wa pili wa soko. Lesieli naye midomo ilimcheza, lakini aliizuia.

"Uliniacha bila hata kunionesha dawa ziko wapi," Vaimoana akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. Huenda ndiyo ile waliyoisikia watu mia mbili wa Auckland. "Ulinikasirikia mimi, ukawaadhibu watu wasioweza kusimama. Uliniacha na mama!"

"Na wewe uliniacha naye tangu tukiwa wasichana."

"Nilipelekwa! Nilikuwa mtoto!"

"Na mimi nilikuwa nini? Kikunio cha nazi?" Lesieli akatupa msuko chini. Muuza matikiti akageuka kutazama. "Wewe ulichaguliwa kwenda, ukaenda. Ukachagua kurudi, ukarudi. Wanakulilia kwa sababu ulikuwa na njia mbili. Mimi sikuwa nayo hata moja, ndiyo maana sina sifa. Niliikuta kazi imenishika mkono kama mume wa kuozwa. Hakuna aliyeniuliza, Vai. Si baba, si mjomba, si mama, si kanisa. Wala wewe. Ulikuja na kitanda cha mama, ukaja na mabati, hukuniuliza hata siku moja."

Vaimoana alikaa juu ya kreti la Kaloni. Akatazama mikono yake, ambayo sasa ilikuwa imepasuka kwa sabuni.

"Ni kweli," akasema. "Nilidhani unapenda. Na nikikwambia ukweli, ilinifaa kudhani hivyo."

Lesieli hakutegemea jibu hilo. Alikuwa ameandaa ugomvi wa siku nzima.

"Basi nakuuliza leo," Vaimoana akaendelea. "Sikuja kukubeba. Ukisema unabaki hapa, nitarudi peke yangu, nitaweza au nitashindwa. Unataka nini, dada?"

Swali lilikuwa dogo, lakini lilimtoa jasho. Lesieli alitazama vikapu, akatazama paa la soko, akamtazama muuza matikiti aliyejifanya anapanga matikiti yaliyokwisha kupangwa.

"Ngoja nifikiri," akasema. "Usinikimbize. Sijazoea."

Wakamnunulia mama mwavuli, wakala muhogo na kondoo wa kukaanga kwenye kibanda cha pembeni, bila maneno mengi. Vaimoana alipokuwa akijifuta mikono ili awahi feri, ndipo Lesieli aliposema.

"Nataka meza hii. Si siku zote. Nusu ya wiki niwe hapa, nusu niwe nyumbani. Nikiwa nyumbani nitawaosha wazee, na sitaki mtu anihubirie. Nikiwa hapa, mama akilia, ni wako. Na Mzee Sioeli ni wako wiki nzima, mimi nimemaliza naye."

"Mzee Sioeli ananitukana siku hizi. Ananiita Kapteni."

"Umempita cheo Sajini? Hongera." Na hapo kicheko kikamponyoka, na Vaimoana akacheka, kisha akalia kidogo, na Lesieli akamwacha alie bila kumbembeleza, kwa kuwa hakuwa bado amefika huko.

Ikawa hivyo. Watu walisema sana mwanzoni. Mke wa mchungaji alisema mwanamke wa umri ule kuhangaika na feri si adabu. Baadaye aliagiza vikapu viwili. Vaimoana alimbana mzee wa kanisa mpaka akatoa vijana wa kwaya wa kuinua wagonjwa wazito, kwa sauti ile ile ya Auckland, na hakuna aliyethubutu kukataa. Hilo Lesieli asingeliweza, na alipoona linafanyika roho ilimuuma, lakini mgongo ukapoa.

Mama alifariki msimu wa baridi uliofuata, mchana, wote wawili wakiwapo. Walimwosha pamoja na kumvika. Kaburini mchungaji alimsifu marehemu, kisha akamtaja binti yake, aliyeacha ukubwa wote akaja kumtunza. Ule mwiba ukapanda tena kooni mwa Lesieli, pale pale pa zamani. Hakushangaa. Alikwisha kujua kwamba ni wa kukaa naye, kama goti lisilopenda mvua, unalikanda, unatembea. Vaimoana alimtafuta mkono chini ya mkeka wa maombolezo aliojifunga kiunoni, na Lesieli aliuacha mkono wake ushikwe, ingawa hakuubana wa mwenzake.

Matanga yalipokwisha alirudi sokoni. Muuza matikiti alikuwa amemtunzia nafasi, ameipangusa meza. Alimpa pole, akamuuliza wale wagonjwa wa kijijini amewaacha na nani.

"Na mdogo wangu," Lesieli akasema, akivuta majani ya mkadi aanze kikapu kipya. "Ndiyo kazi yake. Aliitaka mwenyewe."